S195 imepoteza nguvu? Itibu nyumbani kabla hujanunua pistoni na slivu

Injini kuukuu ninayoizungumzia hapa ni ile ya Kichina ya silinda moja iliyolala, S195. Ukiwa kijijini umeiona kwenye mashine ya kusaga au pampu ya kumwagilia bustani. Kipenyo cha silinda ni milimita 95, mwendo wa pistoni (kipande kinachokwenda na kurudi ndani ya silinda) milimita 115, nguvu za farasi 12 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika. Ukiwa na seti ya spana, fila (vibao vyembamba vya chuma) za kupimia tapeti, yaani mwanya wa valvu, na uvumilivu, nyingi zinatengenezeka uani kwako.

Ya shangazi yangu inasaga mahindi kwenye kijiji kilicho jirani na Kibaigwa, mkoani Dodoma. Msimu mmoja ikawa ngumu kuwaka asubuhi, na ikiwaka inazidiwa hata na debe moja la mahindi makavu. Nilipofika akaniambia, "Mwanangu, fundi kasema pistoni na slivu zimekwisha, zote zinunuliwe." Slivu ni bomba la ndani ambamo pistoni hutembea. Nikamwomba, "Shangazi, hela ibaki kwanza. Niache niizungushe kwa mkono." Hatukununua pistoni, na ile iliyomo inasaga mpaka leo. Hatua nilizofuata ni hizi, na mpangilio wake nauzingatia sana: kila hatua ya bure inatangulia ile ya kununua.

1. Hewa na dizeli

Safisha chujio la hewa. Kwenye S195 lina bakuli la oili chini. Mwaga oili chafu, osha wavu kwa dizeli, ukaushe, weka oili safi mpaka kwenye alama. Injini iliyo ndani ya kibanda cha kusagia inavuta vumbi la unga kutwa nzima, na chujio likiziba inatoa moshi mweusi na kuzidiwa na mzigo.

Kisha kinga dizeli ya tangi kwenye chupa nyeupe ya plastiki, iache ilale usiku kucha. Maji yakiwemo utayakuta yamejitenga chini. Mwaga dizeli yote, osha tangi, badilisha filta.

2. Moshi

Moshi mweusi: hewa haitoshi, mzigo umezidi, au nozeli (inayopulizia dizeli ndani ya silinda) inamwaga badala ya kupuliza. Mweupe: dizeli inatoka bila kuungua, kwa kuwa mgandamizo wa hewa ndani ya silinda ni mdogo, nozeli ni mbovu au pampu ya dizeli inachelewa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ya shangazi ilitoa mweupe asubuhi, ikipata moto moshi unapungua. Hilo likanielekeza kwenye mgandamizo.

3. Flaiwili itakwambia

Hapa usiharakishe. Weka mkono wa mafuta (akseli) kwenye hali ya kuzima. Acha kile kishikio cha kuachilia hewa, kilicho juu ya kifuniko cha valvu, kikae katika hali yake ya kawaida. Shika flaiwili (gurudumu zito la pembeni) kwa mikono miwili, zungusha taratibu mpaka ufike pale inapokataa. Injini yenye afya inakusukuma irudi nyuma kama springi. Ikilegea polepole na kukuruhusu upite, hewa inatoroka.

Sasa mwite mtu mwenye masikio mazuri, aendelee kusikiliza wakati wewe umeibana hapo:

- ikipuliza kwenye chujio la hewa, ni valvu ya kuingizia hewa;
- ikipuliza kwenye ekzosti, ni valvu ya kutolea moshi;
- ikipuliza mahali pa kujazia oili, ni ringi (pete za pistoni) au slivu;
- mapovu yakitokea kwenye tangi la maji, ni gasketi ya hedi (hedi ni kifuniko cha silinda chenye valvu, gasketi ndiyo inayoziba chini yake), au hedi imepasuka.

Utasikia watu wakishauri umimine oili kidogo ndani ya silinda, mgandamizo ukipanda useme ringi zimekwisha. Kwa injini iliyosimama ni kipimo kizuri. Kwa hii iliyolala oili inatuama upande wa chini na upande wa juu wa ringi unabaki mkavu, kwa hiyo jibu litakudanganya. Amini masikio.

Binamu yangu aliweka sikio kwenye ekzosti na kusikia "ssss" ndefu. Kwenye mdomo wa oili palikuwa kimya.

4. Tapeti

Kabla ya kugusa hedi, fungua kifuniko cha valvu. Zungusha flaiwili ukitazama roka (mkono mdogo unaosukuma valvu) ya valvu ya kuingizia: ikishuka na kurudi, endelea mpaka alama ya pistoni iliyo kwenye flaiwili ikutane na alama iliyo kwenye injini. Pistoni imefika mwisho upande wa hedi na valvu zote mbili zimefunga. Injini ikiwa baridi, fila ya milimita 0.35 ipite kwenye valvu ya kuingizia na 0.45 kwenye ya kutolea, kwa kukwaruza kidogo.

Kwetu, kwenye ya kutolea haikupita hata fila nyembamba kabisa. Mtu aliikaza mno akidhani kelele za tapeti ni ugonjwa. Ikipata moto valvu inarefuka, inashindwa kukaa kwenye siti yake (mahali inapozibia ikifunga), na moto unapita hapo kila mlipuko mpaka unaila. Niliiweka sawa, "ssss" ikapungua lakini haikuisha. Kwa wengine kazi huishia hapa. Sisi ilibidi tufungue hedi.

5. Nozeli

Ing'oe, ifunge kwenye bomba lake ikiwa nje ya hedi, uso ukitazama mbali na watu, fungua mafuta na zungusha injini kwa hendeli. Inatakiwa kutoa ukungu mwembamba na mlio mkavu, kisha ikate papo hapo. Ikichirizika au kudondosha matone, isafishe au ibadilishe. Usiweke mkono mbele yake hata kidogo: mgandamizo wake unapenyeza dizeli chini ya ngozi. Kidonda huonekana kama tundu la sindano lakini kinaweza kukugharimu mkono; likitokea, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

6. Hedi na kusaga valvu

Mwaga maji, legeza nati za hedi kidogo kidogo kwa kukingama (moja, kisha ya mkabala wake). Valvu zitie alama, kila moja irudi kwenye siti yake. Siti ya kutolea ilikuwa na madoa meusi yaliyochimbika, kama sufuria iliyoungua.

Pakaa dawa ya kusagia valvu, ya chembe kubwa kwanza. Zungusha valvu kwa kijiti chenye mpira wa kunyonya, kulia na kushoto, ukiinyanyua kila baada ya muda na kuigeuza kidogo. Ilinichukua karibu saa nzima. Maliza kwa dawa laini. Unachotafuta ni pete ya kijivu isiyokatika, kwenye valvu na kwenye siti. Osha dawa yote, maana chembe ikibaki itaisaga silinda. Funga springi, mimina mafuta ya taa kwenye njia ya kutolea, subiri dakika 5. Lisipovuja tone, umeshinda.

7. Slivu, ikiwa tu hewa ilitokea kwenye oili

Kwangua kwanza masizi yaliyoganda mdomoni mwa slivu, vinginevyo ringi zitakwama ukitoa pistoni. Huna geji ya kupimia silinda? Tumia ringi. Iingize peke yake, isukume kwa pistoni ikae sawa, pima mwanya wake kwa fila. Ringi mpya huwa na takriban milimita 0.3 hadi 0.5, mimi mwanya ukipita 1.5 sirudishi. Pima pale slivu inapolika zaidi, karibu na hedi, kisha ndani kabisa isikolika. Tofauti igawe kwa 3.14. Mwanya wa 1.4 na wa 0.5, tofauti 0.9, maana yake slivu imepanuka karibu milimita 0.29. Hapo ringi mpya pekee ni kutupa hela.

Gia za pembeni usizifungue bila sababu. S195 ina shafti mbili za kusawazisha mtikisiko, na alama za gia zisipokutana utairudisha kazi mwanzo.

8. Kufunga na kuwasha

Gasketi ya hedi iwe mpya. Azima toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kaza nati kwa kukingama kwa awamu tatu mpaka kipimo cha kitabu cha injini. Rudia tapeti. Toa hewa: legeza skrubu ya pampu mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha nati ya bomba upande wa nozeli, zungusha mpaka itoke safi, kaza.

Washia nje, penye hewa. Kwenye hendeli, kidole gumba kikae upande mmoja na vingine, ili ikirudi nyuma isikivunje. Weka kipande cha ubao karibu: injini ikipandisha mbio yenyewe, ziba nao mdomo wa hewa, usitumie kiganja. Ikiwaka, tazama kile kialama chekundu cha oili juu ya kifuniko cha valvu. Kisipopanda, zima mara moja.

Tulinunua gasketi, filta, kopo dogo la dawa ya kusagia na oili. Baada ya saa 20 za kazi nilirudi, injini ikiwa baridi, nikakaza nati za hedi na kupima tapeti tena. Ya kutolea ilikuwa imepungua mpaka 0.40; nikairudisha 0.45.