Somo: Kupeleka maji ya dampo kwenye mfumo wa majitaka

Mvua ikipenya kwenye taka zilizofukiwa, hutokea chini nyeusi na yenye kunuka. Hayo ndiyo maji ya dampo. Ukiyaingiza kwenye bomba la umma hujayatupa, umemkabidhi mwendesha mtambo wa kusafisha majitaka kazi yako.

1. Pima. Chukua sampuli wakati wa ukavu na wa mvua, maana hutofautiana mno. Angalia pH (kipimo cha uasidi), BOD (oksijeni ambayo bakteria huhitaji kuozesha uchafu), COD (oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu kwa kemikali, hata ule usiooza), amonia, kloridi, metali nzito na methani iliyoyeyuka, yaani gesi inayowaka. Dampo changa hutoa BOD kubwa, chakula rahisi cha bakteria. Likizeeka BOD hushuka, ila amonia hubaki juu kwa miongo.

2. Hesabu kilo, si ujazo tu. Mita za ujazo 50 kwa siku zenye amonia ya 1,000 mg/l ni kilo 50. Majitaka ya kawaida yenye 40 mg/l yangehitaji mita za ujazo 1,250 kubeba kiasi hicho. Tena kila kilo ya nitrojeni ya amonia hudai takriban kilo 4.6 za oksijeni mtamboni. Nenda kuomba kibali ukiwa na hesabu hii mkononi. Bila kibali usifungue hata vali.

3. Ondoa methani. Hapa ndipo watu huzembea, kwa kuwa haionekani wala hainuki. Maji yakitikisika bombani, gesi hutoka na kukaa juu yake. Ikifika 5% hadi 15% ya hewa, cheche moja inatosha. Uingereza hutumia sana kikomo cha 0.14 mg/l, sehemu ya kumi ya kiasi kinachoweza kufikisha hiyo 5%. Pitisha hewa kwenye maji kabla hayajaingia bombani.

4. Jenga bwawa la kusawazisha, upeleke kidogokidogo mfululizo. Bakteria wanaosafisha majitaka mtamboni huzoea mzigo mzito kuliko mshtuko.

Maswali

Swali: Mwalimu, nikiyazimua kwa maji safi hadi yafikie kiwango?
Jibu: Kilo ni zilezile, umeongeza maji tu. Wakaguzi wanaujua mchezo huo.

Swali: BOD yetu iko chini sana. Si salama basi?
Jibu: Tazama COD. Ikiwa juu, kilichobaki ni asidi humiki, ile rangi ya kahawia ambayo bakteria hawaiwezi. Kama mtambo huua vijidudu kwa taa za urujuanimno, rangi hiyo hufyonza mwanga na vijidudu hupona.

Swali: Bomba letu linaota ukoko mweupe.
Jibu: Mara nyingi ni chokaa. Kaboni dioksaidi ikitoka majini, pH hupanda na chokaa huganda, hasa penye pampu na kona. Weka sehemu za kufungulia na kusafishia. Na kabla ya mtu kuingiza kichwa kwenye chemba, pima gesi: salfidi ya hidrojeni ikizidi, pua huacha kuisikia.