Kibali cha kupima ardhi inavyosogea Natron, kinaombwaje

Wengi mnaniuliza kibali cha kufunga GPS za kupima ardhi inavyosogea kule bonde la Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, kinapatikanaje, ngoja niwaeleze nilivyopitia, ila mjue mapema kazi ngumu haiko Dar, iko kijijini.

Anza na andiko la utafiti. Usijaze mahesabu kurasa kumi, sema kilichotokea: Julai 2007 matetemeko yalipiga mfululizo pale mlima Gelai, kubwa lao likafika ukubwa wa 5.9, picha za rada za setilaiti zikaonyesha ufa uliteleza taratibu kisha magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikajipenyeza chini kwa chini, na Septemba volkano ya jirani, Ol Doinyo Lengai, ikalipuka. Hapo hata asiye mtu wa miamba anaelewa unataka kupima nini. Kodineti za kila pointi utakayofunga GPS ziwemo, na pointi ziwe kwenye mwamba jamani, sio kwenye mashapo ya ziwa, udongo ule unavimba ukilowa na kushuka ukikauka, utapima tope udhani umepima ufa.

Barua sasa. Mwanafunzi au mwalimu wa chuo kikuu kama UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), barua ya ruhusa anaipata chuoni kwake. Mgeni wa kutoka nje anaomba COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, mtandaoni, awe na mtafiti Mtanzania wa kushirikiana naye, kibali kikitoka ndo anaenda Uhamiaji kuomba ukaazi daraja C.

Halafu unashuka nayo, mkoa Arusha, wilaya Longido, kata, kijiji. Toa kopi za kutosha na orijino usiiachie, mimi nilikwama siku mbili kwa sababu ofisi moja ilibaki na yangu na mwenye funguo ya kabati kasafiri.

Kijijini ukitoboa jiwe kwa drili ili uchomeke pini ya kupimia, watu wanajua umefuata madini, na huwezi kuwalaumu. Kwa hiyo drili ibaki kwenye gari mpaka ukae na mwenyekiti, mtendaji na laigwanani, kiongozi wa kimila wa Wamasai. Mimi nilitoa pini yenyewe, kijichuma cha urefu wa kidole, kikapita mkono kwa mkono, nikawaambia hiki ndo kinabaki, mashine ya GPS naondoka nayo, mwakani narudi kuangalia kimesogea milimita ngapi. Mzee mmoja akacheka, "Milimita? Umetoka Dar kufuata milimita?" Ila akanipa kijana wa kulinda betri usiku na mchana, na huyo malipo yake yaandike kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, maana siku alipochelewa kidogo tu nilikuta mbuzi wameshatafuna waya wa antena.