Usukani wa ndege ukikataa kabla ya kuruka

Ndege ndogo kama Cessna 172 huongozwa ardhini kwa miguu. Pedali zilezile zinazogeuza usukani wa mkiani hugeuza pia gurudumu la mbele, kiasi cha digrii 10 kila upande, na rubani akiongeza breki ya upande mmoja gurudumu hilo hufika hadi digrii 30. Kwa hiyo, mara tu unapotoka maegeshoni, ukiwa bado katika mwendo wa mtu anayetembea, jaribu breki, kisha geuza pua kidogo kushoto na kulia.

Pua ikivutwa upande mmoja au ikikataa kugeuka, punguza nguvu ya injini, kanyaga breki zote mbili kwa usawa na usimame. Uarifu mnara wa kuongozea ndege mahali ulipo na kwamba huwezi kuendelea, kwa kuwa uwanja wetu wa ndege, wa Dodoma, una njia moja tu ya kurukia, na ndege iliyokwama juu yake huwazuia wote.

Kabla ya kuilaumu mitambo, fikiria upepo. Wakati wa kiangazi upepo wa mashariki huvuma kwa nguvu hapa, nao ukiupiga mkia kutoka ubavuni huisukuma pua ielekee unakotoka. Ukibadili uelekeo na pua ikaendelea kuvutwa upande uleule wa ndege, tatizo si upepo.

Zima injini kabisa kabla ya mtu yeyote kushuka. Mara nyingi chanzo huonekana kwa macho: tairi limepungua upepo, breki ya upande mmoja imeng'ang'ania na diski yake ina moto kuliko ya pili, au fimbo ya kukokotea haikuondolewa. Tazama pia mguu wa mbele, yaani nguzo ya gurudumu la mbele, inayojazwa hewa na mafuta ili kupunguza mshtuko. Mguu huo ukijazwa kupita kiasi, au mizigo ikirundikwa nyuma, hunyooka hadi mwisho na gurudumu hujifunga likiwa limenyooka, hata ukikanyaga pedali namna gani. Katika ndege kubwa za abiria, fundi atakagua kwanza kama pini yenye utepe mwekundu, inayowekwa wakati wa kukokotwa, imesahaulika mahali pake.

Wapo marubani wanaojikongoja kwa breki hadi mwanzo wa njia, wakitumaini kwamba kasi itanyoosha mambo. Siafiki hata kidogo. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege hukimbia ardhini kwa kasi kubwa zaidi na kwa umbali mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Isitoshe, hitilafu iliyo kwenye pedali inaweza kuwa imeugusa usukani wa mkiani, ambao utauhitaji angani na wakati wa kutua.

Omba ndege ikokotwe hadi maegeshoni, kisha uandike katika daftari lake la kiufundi upande iliovutwa, mwendo uliokuwa nao, mizigo ilivyopangwa na kama breki zilikuwa zimekanyagwa. Fundi mwenye leseni akishatia saini, rudia jaribio lile la pedali polepole ukiwa peke yako, kabla ya kuwapandisha abiria.