Jinsi ya kuchora bila kutaka kumridhisha kila mtu

Aliyezoea kukubali kila ombi huchelewa kuiona gharama yake: hasira isiyosemwa, uchovu, na kutojua tena anachokipenda. Tenga ubao mmoja usiouzwa wala kuonyeshwa mtu, na utumie rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, kama alizozitumia Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Anza na rangi unayoitaka wewe, hata kama wateja huulizia tembo na machweo. Kila mkono unaposita, jiulize unamhofia nani, kisha uandike jina lake nyuma ya ubao. Hapo ndipo pagumu, nami nakusihi usiharakishe. Rangi ikishakauka, chagua jina mojawapo, na ombi lake lijalo ulijibu hivi: “Samahani, safari hii sitaweza.”