Kubadili fani kabisa ukiwa Dodoma: kutoka mezani hadi ufundi umeme

Anayetaka kuacha fani aliyoizoea aifanye kwanza ile mpya kwa mikono yake, angali na mshahara. Nilipokuwa karani wa mahesabu hapa Dodoma, nilimwomba fundi umeme mmoja anipokee kama kibarua kila Jumamosi kwenye nyumba zilizokuwa zikijengwa Iyumbu. Siku ya kwanza nilishinda nikitindua ukuta kwa nyundo na tindo ili mabomba ya waya yapite, na jioni viganja vilikuwa vimejaa malengelenge, lakini nilipoliona bomba limelala sawasawa kwenye mfereji wake niliitamani Jumamosi nyingine. Jipe angalau miezi mitatu ya namna hiyo, kwa sababu wiki moja haitakuonyesha siku ambayo mwenye nyumba ameishiwa fedha na kazi imesimama.

Jambo hilo la fedha ndilo linalowarudisha wengi walikotoka. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, nyumba zimeendelea kuota hadi Nala na Mtumba, na kazi ipo. Hata hivyo watu wengi hujenga kidogo kidogo, hivyo malipo ya fundi huja kwa vipindi. Weka akiba ya matumizi ya miezi sita, ukikumbuka kwamba kodi ya pango hudaiwa kwa miezi kadhaa kwa mkupuo, na mweleze mwenzi wako mapema.

Chunguza pia masharti ya fani unayoiendea. Fundi umeme anahitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na leseni hudai cheti, kwa hiyo nenda mwenyewe chuo cha ufundi stadi cha VETA ukaulize ada na ratiba. Aliyejifunzia kazini aulizie urasimishaji wa ujuzi, yaani kupimwa ujuzi alionao ili autambuliwe kwa cheti.

Ukiwa tayari, andika barua ya kuacha kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe taarifa ya siku zisizopungua 28. Watumishi wa umma wana taratibu zao. Dai cheti chako cha utumishi na malipo ya likizo unayostahili.

Ujuzi wa zamani usiutupe. Kabla ya kugusa ukuta wa mteja, mimi humwandikia makadirio yanayoonyesha kila swichi, soketi na mita ya waya, na kazi nyingi nilizopata Nkuhungu zilitokana na karatasi hiyo kuonyeshwa kwa jirani.