Nahodha wangu alikuwa maiti

"Mbona baba huyu amekufa macho wazi?" Aliyeuliza ni binti wa dada yangu, miaka sita, alipochungulia kompyuta yangu. Wiki tatu namtengeneza nahodha wa jahazi kwa Blender, programu ya kuchonga watu na vitu vya 3D, kofia ya vito nimeichora tundu kwa tundu, na mtoto anaona maiti. Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti wa Kijapani, aliyasema haya tangu 1970: sanamu ikikaribia mno kufanana na mtu bila kufika, hutisha.

Basi anza na macho. Weupe wa jicho usiupake mweupe. Upe rangi ya tui la pili, na wekundu kidogo pembeni. Mbele ya mboni weka ganda angavu lililovimba kidogo, ndipo mwanga upate pa kumetia. Halafu ukingoni mwa ukope wa chini pitisha uzi mwembamba wa unyevu, ung'ae kama maji. Uzi huo peke yake ulinifufulia nusu ya uso.

Ngozi ina mtego wake. Mafunzo mengi ya mtandaoni hutumia watu weupe, na hukuhimiza uongeze mwanga unaopenya ndani ya ngozi. Kwa ngozi yetu nyeusi ukizidisha unapata mtu wa nta. Kinachoibeba ni mng'ao wa juu, nao hauko sawa uso mzima. Kwenye kipimo cha ukwaru (Roughness; namba ikipungua, mng'ao huzidi) niliweka 0.35 puani na kwenye paji, 0.55 mashavuni. Ukiweka namba moja kote, umetengeneza ndoo ya plastiki.

Nilipokwama nilishuka Mkunguni, uwanja wa mji wa Lamu, saa moja asubuhi, jua likiwaka kutoka upande wa kisiwa cha Manda. Nikamwomba ami mmoja muuza kahawa nimtazame uso. "Tazama, lakini kahawa ununue." Vikombe vitatu! Ukope wake wa kushoto ni mzito kuliko wa kulia, na tabasamu huanzia upande mmoja. Kwa hiyo ukishapata umbo la msingi, zima ule uchongaji wa pande mbili kwa pamoja, uharibu upande mmoja kwa makusudi.

Nahodha akianza kusogea, macho yasiteleze, yaruke. Akitazama chini, ukope ushuke nayo. Kupepesa, kwa fremu 24 kwa sekunde, mimi hufunga kwa fremu 2 na kufungua kwa 4.

Juzi nilimwita tena yule mtoto. Akamkodolea nahodha, akarudi nyuma hatua moja.

"Kakasirika nini?"

Nyusi bado sijazigusa.