Somo: Kumtafutia mamba ndugu yake wa karibu

Mwaka 1758 Carl Linnaeus aliwaweka mamba na kenge katika jenasi moja (kundi la spishi zinazohesabiwa kuwa karibu), Lacerta, kwa kuwa alitazama umbo. Wanabiolojia wa leo, wanaofuata kanuni alizozichapisha Mjerumani Willi Hennig mwaka 1950, hutazama nasaba, na jibu lao ni tofauti kabisa.

Hatua ya 1. Chagua viumbe wa kulinganisha: mamba, kenge na kuku. Ongeza mmoja aliye nje ya ukoo wao awe kipimo; hapa tumchukue chura.

Hatua ya 2. Orodhesha sifa, kisha uzichuje. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mamba na kenge hutembea kwa miguu minne na joto la miili yao hufuata mazingira, lakini chura naye yuko hivyo. Kwa hiyo sifa hizo ni urithi wa kale ambao kuku ameuacha, na urithi wa kale hauthibitishi udugu wa karibu hata ukishirikiwa na wengi kiasi gani. Kinachotafutwa ni sifa mpya inayopatikana kwa baadhi yao tu. Moyo wa mamba na wa kuku una vyumba vinne, ilhali wa kenge na wa chura una vitatu. Mamba pia ana tumbo lenye misuli minene mithili ya firigisi ya kuku, na humeza mawe.

Hatua ya 3. Chora miti ya nasaba yote inayowezekana (kwa viumbe watatu ni mitatu tu), kisha uchague unaohitaji mabadiliko machache zaidi. Mti huo unamuunganisha mamba na kuku.

Hatua ya 4. Pima matokeo kwa vinasaba na visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa miambani). Vyote vinaafiki: koo hizo mbili ziliachana takriban miaka milioni 250 iliyopita, na dinosaria wako upande wa kuku.

Hatua ya 5. Lipe jina kundi lenye mzazi wa kale pamoja na wazao wake wote. Hili huitwa Archosauria.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, binadamu naye ana moyo wa vyumba vinne. Mbona hatumo?

Jibu: Swali zuri sana. Mamalia waliupata moyo huo kwa njia yao wenyewe. Ndiyo maana hatuamui kwa sifa moja: fuvu, vinasaba na visukuku vyote vinatuweka katika tawi jingine, lililoachana na la mamba kabla kenge na mamba hawajaachana.

Swali: Kwa hiyo kuku ametokana na mamba?

Jibu: Hapana. Wote wawili wametokana na mnyama wa kale ambaye hakuwa mamba wala ndege.

Swali: Basi ndege ni reptilia?

Jibu: Kwa kanuni ya Hennig, ndiyo, kwani ukiwatoa ndege umewaacha baadhi ya wazao nje ya kundi. Vitabu vingi vya shule bado huwapa ndege ngeli yao, yaani kundi kubwa la peke yao, Aves. Katika mtihani, ndugu yangu, fuata mtaala wako.